Mume wangu anaangusha matawi kwa bunduki ya serikali, na mimi nimedanganya kijiji

Somo, assalam aleikum. Nakuomba usiandike jina langu wala la kijiji, andika tu bara ya Lamu inatosha, huku tuko wachache na kila mtu amjua mwenzake.

Nimeolewa miaka 11, nina watoto 2, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 4. Mume wangu ni mkulima, ana shamba la urithi lenye minazi na miembe ya zamani, na pia ni polisi wa akiba, wale sisi twawaita KPR, amepewa bunduki ya serikali ile G3 ndefu alinde kijiji. Nataka uelewe tangu mwanzo kwamba si mtu mbaya. Halewi, hanipigi, usiku watu wakilala yeye yuko nje kwenye baridi na mbu anatulinda, na malipo ya kazi hiyo wewe wajua yalivyo.

Sasa nyuma ya nyumba kuna mwembe wa ngowe aliupanda babu yake, mkubwa hata watu 3 hawaukumbatii. Kusi ya mwaka huu ilivunja tawi moja nene lakini halikuanguka chini, likanasa juu kwenye panda, liko pale laning'inia juu ya chumba cha watoto. Na kwenye shina kuna tundu lina nyuki. Tukamwita mwenye pawasoo, akaja akaangalia urefu, akaangalia nyuki, akataja 6,000, pesa hiyo hatuna. Mkwezi wetu naye akasema yeye ni wa minazi, mwembe hapandi. Nikamwambia baba watoto basi panda wewe, akanijibu kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake, akasema hakuna mtu wa ukoo wao atakayepanda mti tena. (Mdogo wake alianguka mnazini miaka 6 iliyopita, akalazwa siku kadhaa akafariki. Lakini hayo ni ya zamani.)

Ndipo akaona video kwenye simu, wazungu wa Marekani wako shambani kwao wapiga tawi kwa bunduki lakatika laanguka na wao wacheka. Akaniambia si umeona, kazi ya dakika 2 hiyo.

Mara ya kwanza alipiga kuti kavu kule mwisho wa shamba, risasi 2, watu wakauliza uliza kisha wakanyamaza. Mara ya pili ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, akapiga lile tawi la mwembe risasi 7 na wala halikuanguka, limetobolewa matundu tu, nyuki wakatoka kwa hasira tukajifungia ndani.

Somo wewe ni mtu wa huku huku, wajua. Toka Juni 2014, Mpeketoni ilipovamiwa na watu wakauawa, mlio wa bunduki kwetu si kelele tu. Wanawake walikuwa kisimani wakatupa ndoo wakakimbilia vichakani, mama mmoja mjamzito akaanguka, watoto wa madrasa wakaingia chini ya mikeka. Jirani yetu mzee ana presha, tulimkuta amekaa nyuma ya tangi la maji ashika tasbihi hawezi kusema neno. Na mimi nilijua. Nilijua ni mwembe wetu, nikanyamaza.

Magharibi gari la askari likaja likauliza. Mume wangu akawaambia amesikia mlio upande wa msituni. Mzee wa kijiji akaniuliza mimi nikasema hata sisi tumeshtuka. Basi lile gari likaelekea msituni, gizani, kwa barabara ambayo imewahi kutegwa bomu. Sikulala mpaka nilipolisikia larudi saa nne usiku. Nikimkumbuka yule kijana aliyekuwa amekaa nyuma, anafanana na ndugu yangu, tumbo lanikata.

Mwanangu naye aliokota maganda ya risasi akaenda kuyapuliza madrasani kama filimbi. Ustadh akalichukua moja, akalitazama sana, akamrudishia bila kusema kitu.

Mavyaa asema siri ya nyumba haitoki, nikimsema mume wangu atafungwa na kijiji kitabaki bila mlinzi, na damu ya watu itakuwa juu yangu. Bui yangu, rafiki yangu, asema niende kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kabla mtu hajafa. Mume mwenyewe nikimwambia anijibu risasi ikipanda juu yapoa, haina nguvu tena, na tawi atalimalizia akipata nafasi. Nikisema, navunja nyumba yangu. Nikinyamaza, je? Nifanyeje somo yangu?

Mama Wawili, Lamu bara

SOMO ANAJIBU

Wa aleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 3, mara ya pili nikaenda nje nikakaa barazani kidogo manake lile gari lililokwenda msituni usiku lilinishika hata mimi.

Nikikuelewa vizuri, una tawi juu ya watoto wako, una mume mwema anayefanya jambo la hatari, na una neno ulilolisema kwa mzee wa kijiji ambalo si la kweli na sasa lakuuma. Hayo yamefungana kama nyavu iliyotupwa pwani bila kukunjwa, ukivuta hapa panakaza pale, na watu wanaokushauri kila mmoja ameshika uzi mmoja tu.

Mimi nataka nianze pale ulipoweka mabano. Umeandika habari ya shemeji yako kwa sentensi mbili ukasema hayo ni ya zamani. Mwanangu, sidhani kwa mumeo ni ya zamani. Mtu asiyekuwa mkali akawa mkali siku ulipomwambia panda, hiyo si jeuri, hilo ni donda umeligusa bila kujua. Nina ndugu yangu hapa mjini Amu aliyemuona mwenzake akianguka kutoka mlingotini, ni zaidi ya miaka 20 sasa, na bado tukipita gatini wakati watu wako juu ya mlingoti yeye hugeuza uso. Yawezekana kabisa (sisemi ndivyo, nasema yawezekana) kwamba mumeo hakuchukua bunduki kwa uvivu wala kwa kuiga wazungu, aliichukua kwa sababu ndiyo njia pekee aliyoiona ya kuondoa tawi juu ya watoto wake bila mtu yeyote kupanda. Ukimwendea kama mtu mkaidi atakuwa mkaidi. Ukimwendea kama mtu aliyemzika mdogo wake, huenda mkaongea mengine.

Sasa hiyo video. Si uongo, kule Marekani wako wanaofanya hivyo kwenye mashamba yao, na hata wanasayansi wa misitu hutumia bunduki ya marisau kuangusha vitawi vyembamba vya juu kabisa wapate majani ya kupima. Lakini hiyo ni bunduki ya marisau, vipande vidogo vidogo vya risasi ambavyo huishiwa nguvu baada ya mita mia kadhaa, na tawi lenyewe ni jembamba kama kidole. G3 ni silaha ya vita. Risasi yake hutoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde na inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Tawi haliizuii, inalitoboa na kuendelea na safari, ndiyo maana mlipata matundu 7 na tawi likabaki pale pale. Wanaojua kulenga shabaha wana kanuni yao, hupigi mpaka ujue nyuma ya shabaha kuna nini cha kuzuia risasi, kilima au tuta la mchanga. Bara yetu ni tambarare, wewe wajua, na aliyeelekeza mdomo wa bunduki juu kwenye mti nyuma yake ana mbingu tu.

Na hilo la risasi kupoa ningependa mumeo alifikirie tena. Iliyopigwa wima moja kwa moja hurudi chini taratibu zaidi kuliko ilivyokwenda, hapo ana haki kidogo, ingawa hata hiyo yaweza kuua ikimpata mtu kichwani. Lakini hakuna anayepiga tawi wima namna hiyo, hupigwa kwa mshazari, na ya mshazari huenda mbali na kushuka ikiwa bado na nguvu ya kupita kwenye paa la makuti. Kilomita 3 kutoka kwenu kuna nini? Kuna boma la nani, kuna ng'ombe wa nani, kuna watoto wanachota maji wapi? Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hivyo ikiwa risasi bado ina mwendo wake, aliye mbali kidogo haisikii ikija, inafika yenyewe kwanza. Hujaniandikia kwamba siku ile kuna aliyepigwa na risasi. Alhamdulillahi, lakini zile risasi 7 hakuna anayejua ziliangukia wapi.

Kisha ule mti wenyewe. Tawi lililonasa lilikuwa hatari kabla, na sasa limetobolewa, nyuzi zake zimekatwa na hamjui zimebaki ngapi. Na ikiwa kuna risasi imebaki ndani ya mti, siku mtakayoleta pawasoo cheni itaigonga. Kule Ufaransa mpaka leo wapasua mbao hukutana na vyuma vya vita vya 1914 hadi 1918 ndani ya miti na misumeno yao yaharibika. Kwa hivyo yeyote mtakayemwita, mwambieni ukweli kabla hajawasha mashine, hata kama aibu yawashika.

Nije kwenye lile linalokukosesha usingizi. Mavyaa wako asema siri ya nyumba haitoki. Mimi nimelelewa na neno hilo hilo na naliheshimu, kuna mambo ya mume na mke ambayo hayavuki kizingiti. Ila najiuliza kama jambo hili bado ni la nyumbani. Mlio uliingia kwenye kila nyumba ya kijiji, ukamwangusha mama mwenye mimba, ukamkalisha mzee nyuma ya tangi. Na hao askari waliokwenda gizani ni watoto wa watu vile vile. Usiku mwingine mlio ukiwa wa kweli, je, watu watakimbia au watasema ni yule na mwembe wake? Hilo silisemi kukuongezea mzigo, najua tayari unao, nalisema kwa sababu mavyaa ameogopa kijiji kubaki bila mlinzi na mimi naona mlinzi wa kijiji ni pamoja na masikio ya watu kuamini wanachosikia.

Na je, siri hii ni yako peke yako kama unavyodhani? Ustadh alilishika ganda mkononi akalitazama sana. Huyo ni mtu mzima wa huku, ameishi tuliyoyaishi, unafikiri hakuelewa? Alimrudishia mtoto akanyamaza. Pengine anangoja nyinyi mje. Pengine anaogopa kama wewe. Lakini unaandika kana kwamba kila kitu kinasimama au kuanguka kwa mdomo wako, na mimi naona watu wawili watatu wameshajua na kila mmoja amefikiria mwenzake ndiye atakayesema.

Basi njia. Umeniletea mbili, kunyamaza au OCS, mimi naziona zaidi kidogo na hakuna isiyo na mwiba.

Waweza kuongea naye tena, lakini si akiwa anafuta bunduki wala mavyaa akiwa jikoni anasikiliza. Mngoje amekula, watoto wamelala, uanze na mdogo wake, umuulize siku ile ilikuwaje, umwache aseme hata kama ni dakika nyingi za kimya. Kisha umwambie kuhusu gari, kwamba hukulala mpaka liliporudi. Mwiba wake ni kwamba anaweza kukwambia sawa, na wiki ijayo ukasikia mlio. Na risasi za serikali zina hesabu, kuna siku atatakiwa aonyeshe zote, kwa hivyo kila anayoipiga ni deni. Sijui 9 zile ameandika nini au hajaandika, na wewe usimbane kama mpelelezi, lakini yeye mwenyewe huenda lamsumbua zaidi kuliko anavyokuonyesha.

Waweza kumtafuta mtu wa katikati. Ustadh ni mmoja, au mzee wa kijiji ambaye hata hivyo una deni la ukweli kwake. Mwanamume mara nyingine humsikia mwanamume aliyemzidi umri, hasa akiitwa kwa heshima baada ya swala na si kwa kuaibishwa mbele ya watu. Uzuri wake ni kwamba jambo laweza kutulia bila karatasi. Ubaya wake, ukishamwambia mtu wa tatu hulishiki tena wewe, naye mzee akiona ni jukumu lake kupeleka mbele, atapeleka.

Kuna yeye mwenyewe kwenda kwa mkubwa wake. Hili hukulitaja kabisa, na nashangaa kidogo, kwa sababu kati ya mtu kujipeleka akasema nilikosea, nilipiga mti, na mtu kupelekwa, tofauti ni kubwa mbele ya watu wengi. Siwezi kukuahidi kitakachotokea. Bunduki ni ya serikali, iko chini ya amri ya kituo, na Sheria ya Bunduki ya Kenya, ile Sura ya 114, si ya mchezo. Anaweza kupokonywa, anaweza kushtakiwa, anaweza kukaripiwa akarudishwa kazini. Lakini zile habari za msituni zilizotoka kinywani mwake zikisahihishwa naye mwenyewe, nahisi hata usiku wake utakuwa mwepesi.

Na kuna wewe kwenda kwa OCS kama asemavyo bui yako. Sikwambii nenda, sikwambii usiende. Wewe ndiye utakayelala katika nyumba hiyo baadaye, utakayemtazama mavyaa machoni, si bui yako wala mimi. Nakuuliza tu, ukiwaza siku ya kumzika mtu aliyepigwa na risasi ya mwembe wenu, na ukiwaza siku mume wako anapelekwa kituoni, ipi inakufanya ushindwe kupumua? Jibu lako lisikilize, usilisukume. Lakini akiishika tena ile bunduki akaenda chini ya mwembe, hapo hakuna muda wa kungoja chakula wala watoto walale.

Umesema hakupigi na nakuamini. Ila ikiwa siku yoyote bunduki hiyo imetajwa katika ugomvi wenu, au amewahi kuielekeza kwako hata kwa mzaha, basi hii yote niliyoandika iweke pembeni, piga 1195, ni simu ya bure ya kitaifa kwa wanaotishiwa au kudhulumiwa nyumbani, uongee na watu wa pale kabla ya kuongea na mtu mwingine.

Sasa tawi, manake bado liko pale na si la kuzungushiwa maneno. Huku kwetu kamba hazikosekani wala watu wa kamba. Wanaokata miti kwa ustadi hurusha kwanza uzi mwembamba wenye kizito mwishoni, ukipita juu ya tawi wanaufungia kamba nene wanaivuta, kisha watu wanasimama mbali, kando na pale linapoangukia, wanavuta taratibu wakiwa chini. Nahodha au baharia yeyote anajua kurusha kamba na kufunga fundo lisiloteleza, na vitawi vidogo vinavyozuia vyaweza kukatwa kwa upembo mrefu, msumeno ukafungwa kwenye upondo wa mashua. Tawi lenyewe nene lililonasa lina ujanja wake, linaweza kubiringika upande usioutarajia, kwa hivyo awepo aliyewahi kulifanya na siku hiyo nyumba iwe tupu. Hakuna anayepanda. Mwambie mumeo hivyo hivyo kwa maneno hayo, hakuna anayepanda, nadhani ndiyo sentensi anayoingoja.

Nyuki nao wana watu wao. Waaweer, wale twaowaita Waboni, asali ndiyo ujuzi wao toka mababu, atatokea mtu ambaye atakuja usiku na moshi awatoe na abaki na asali yake kama malipo. Nyuki wakishaondoka pengine mwenye pawasoo atashusha ile 6,000, na kuni za tawi nene la mwembe zina mnunuzi, zaweza kufidia kidogo. Yule jirani wa presha pia ana watoto wa kiume kama sikosei, kila mzee huko anao. Mkiwaita waje kuvuta kamba itabidi muwaambie tawi lilikuwaje na matundu yale yametoka wapi, na huenda hapo ndipo lile neno lako la kwanza litapata nafasi ya kurekebishwa, kwa mdomo wako, polepole, mbele ya watu waliokimbia.

Yale maganda yakusanye yote kutoka kwa kijana, umpe baba yake ayarudishe yanapotakiwa, na ukikuta risasi nzima haijapigwa usiigonge wala usiitupe motoni.

Na leo, kabla hujaongea na mtu yeyote, kabla ya ustadh na OCS na mavyaa, hamisha kitanda cha watoto. Walaze ukumbini, au chumbani kwako, hata kama ni kwa kubanana. Upepo hautangoja muamue. Kisha niandikie uniambie mmefika wapi, na huyo msichana wa miaka 4 mpe busu langu.

Somo